Fomu Zimejaa, Kijana Yuko Wapi?

Kijana wa Djugu aliyeweka bunduki chini, msichana wa darasa la nane mtaani Mudzipela, na fundi pikipiki aliyekimbia vita akaingia Bunia mikono mitupu, wote watatu watafika mahali pa kuuliza: sasa nifanye nini? Wapo watu wanaolipwa kuwajibu. Wachache kati yao ni watumishi wa serikali. Wengi wana mkataba na shirika, shirika lina mkataba na mfadhili, na serikali ina saini yake mahali fulani katika karatasi hizo.

Saini hiyo ina kazi gani? Serikali ikishaikabidhi kazi ya kuwaelekeza watu kwenye masomo na ajira kwa kanisa, shirika lisilo la kiserikali (ONG) au kampuni, nani anakagua kama kazi imefanyika? Sauti nne zinajibizana hapa. Wasemaji wamebuniwa na hawana majina. Sheria, tarehe na fedha wanazozitaja ni za kweli. Mzee ni inspekta wa shule aliyestaafu. Mratibu anaongoza ONG ndogo inayoishi kwa mikataba ya aina hiyo. Mama Fundi ana vyerehani na wanafunzi kibandani. Wa nne ni wakili, naye kama mawakili wote wa mji huu anaitwa Metre.

Mratibu anaanza, maana amekuja akijua kwamba atashambuliwa.

"Mnataka serikali ifanye yote," anasema. "Sawa, mniambie kwa gari gani na kwa mshahara gani. INPP ya mafunzo ya kazi ipo tangu 1964. ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, ilianzishwa 2002. Sizidharau. Lakini kijana ninayemshauri mimi yuko Fataki, yuko kambi ya Rho, yuko barabara ya Mambasa ambako gari halipiti bila askari. Nani atamfuata huko? Na kukabidhi kazi si jambo lililoletwa na miradi ya juzi. Mzee, shule ulizokuwa unakagua zilikuwa za nani?"

Mzee anacheka. Nyingi zilikuwa za Wakatoliki, nyingine za Waprotestanti wa CECA 20, nyingine za Wakimbangu. Mobutu alizitaifisha shule za makanisa mwaka 1974, na miaka mitatu baadaye, kwa mkataba wa 26 Februari 1977, serikali ikayarudishia makanisa kazi ya kuziendesha. Mpaka leo sehemu kubwa ya watoto wa Kongo husoma chini ya mkataba huo. Kwa hiyo Mratibu yuko sahihi: nchi hii imekuwa ikikabidhi huduma zake kwa wengine kwa karibu nusu karne, tena huduma kubwa kuliko ushauri wa kazi.

"Umefanya vizuri kuutaja, mwanangu," Mzee anajibu. "Kanisa lilipewa shule liiendeshe. Serikali ikabaki na programu ya masomo, na mkaguzi, na mtihani. Mtoto wa shule ya masista na mtoto wa shule rasmi wanafanya Examen d'État ileile ya kumaliza sekondari, iliyopo tangu 1967, na anayesahihisha hajui huyu katoka wapi. Kanisa likifundisha vibaya, matokeo yatasema. Nilikuwa naingia darasani na daftari langu, na mkuu wa shule hakuwa na uwezo wa kunizuia mlangoni. Sasa wewe ukimshauri kijana vibaya, nani atasema?"

Mratibu hana jibu la haraka, na si kosa lake. Ushauri hauna mtihani wa mwisho. Mwalimu mbaya wa hesabu anajulikana Julai. Mshauri mbaya wa kazi anajulikana baada ya miaka mitano, wakati mradi umefungwa, gari limeuzwa na aliyeshauriwa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine. Isitoshe, aliyeshauriwa vibaya mara nyingi hajui kwamba kulikuwa na njia nyingine, kwa hiyo halalamiki. Huduma ya namna hii ndiyo inayohitaji ukaguzi kuliko zote.

Mama Fundi hapendi mazungumzo yaende mbali kabla hayajapita nyumbani kwake, na kwake yanaanzia shuleni. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 iliweka miaka minane ya elimu ya msingi. Mwishoni mwa mwaka wa nane kuna mtihani wa taifa wa uteuzi na uelekezaji, TENASOSP. Kwa utaratibu ulioandikwa, mtihani huo pamoja na mshauri wa masomo wa shule ndivyo vinavyompeleka mtoto kwenye seksio inayomfaa: pedagojia, sayansi, biashara, umeme, ushonaji, kilimo.

"Ulioandikwa," anasema. "Binti yangu alipelekwa biashara. Nikaenda kwa prefe, mkuu wa shule, nikamuuliza: Papa Prefe, kwa nini biashara? Mtoto anapenda wagonjwa, anapenda dawa. Akaniambia, Mama, shule yetu ina seksio mbili, chagua moja. Huo ndio ushauri wote tuliopewa. Mshauri yupo, nimemwona. Siku hiyo alikuwa anakusanya minervali."

Mzee anainamisha kichwa. Anajua kwamba katika shule nyingi mshauri wa masomo hugeuzwa kuwa msaidizi wa kila kazi: nidhamu, karo, kengele. ISP nyingi za nchi hii, yaani vyuo vya ualimu, zinafundisha uelekezaji wa masomo na kazi kama fani kamili, lakini mhitimu akiajiriwa, shule inamwona kama mkono wa ziada. "Na hilo," anakiri, "halihitaji ONG yoyote kuharibika. Tuliliharibu wenyewe."

Ni ungamo muhimu. Anayedai kwamba dawa ni kurudisha kila kitu serikalini anapaswa kueleza kwanza kwa nini kilichobaki serikalini kiko hivi.

Lakini mfano mzito wa jimbo letu la Ituri haupo shuleni. Uko kwa waliopigana. Kati ya Septemba 2004 na Juni 2005 wapiganaji zaidi ya 15,000 wa makundi ya UPC, FNI, FRPI, PUSIC na FAPC walipita katika mpango wa kusalimisha silaha hapa. Watoto, wale kadogo, walipelekwa katika vituo vya kupokea na kuelekeza, maarufu kwa herufi CTO, ambavyo mashirika yaliviendesha kwa msaada wa UNICEF; mtoto hakutakiwa kukaa humo zaidi ya miezi mitatu. Kwa watu wazima, serikali iliunda tume ya CONADER mwishoni mwa 2003. Benki ya Dunia na washirika wake wakaweka dola milioni 200 kwa nchi nzima. Aliyetoka jeshini alipewa dola 110, kisha dola 25 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Mafunzo na maelekezo ya kazi yakakabidhiwa kwa mikataba: mashirika ya Umoja wa Mataifa, mashirika ya makanisa, ONG za ndani. Mwaka 2006 fedha zikakwama, na 2007 CONADER ikavunjwa, kazi yake ikahamishiwa kitengo kingine.

"Waliniletea baadhi ya vijana hao," anasema Mama Fundi. "Nikawauliza, nani aliwaambia mshone? Wakasema wameonyeshwa orodha: kushona, useremala, mifugo, biashara ndogo. Waliochoka kukaa darasani waliandika mbuzi. Waliobaki wakagawanywa. Wakajifunza miezi michache, wakapewa cherehani kila mmoja. Mimi nilikuwa nikiwatazama nahesabu: mtaa huu una mafundi wangapi tayari? Nani atavaa nguo zote hizi? Baada ya muda vyerehani vikaanza kuonekana sokoni, bei ya chini, bado na kibandiko cha mradi. Kimoja nilikinunua mwenyewe. Kinafanya kazi vizuri sana."

Kila mtu anacheka isipokuwa Mratibu.

"Mama, nikujibu kwa heshima," anasema. "Mkataba uliniuliza nimeshauri watu wangapi. Ukaniuliza nimegawa vifaa vingapi. Nikahesabu, nikapiga picha, nikachukua alama ya kidole ya kila mmoja. Mkaguzi wa fedha alikuja akakuta risiti zote. Hakuna senti iliyopotea. Haukuwamo mstari hata mmoja ulioniuliza wale watu wako wapi baada ya mwaka. Ningependa kwenda kuwatafuta, lakini kwa mafuta ya nani?"

Katika mjadala mzima hakuna kauli ya kweli kuliko hiyo. Wengi wakisikia neno ukaguzi huwaza wizi, na Kongo ina sababu zake za kuwaza hivyo. Lakini mradi unaweza kuwa safi kwa risiti na mtupu kwa matokeo. Wakaguzi wa hesabu wakiondoka na kuridhika, mfadhili naye akaridhika, anayejua kwamba soko limefurika vyerehani ni Mama Fundi peke yake, na hakuna fomu yenye nafasi ya jina lake.

Metre amekaa kimya muda mrefu. Anapoanza, anaanzia mbali.

"Tusidhani ni ugonjwa wa Kongo. Uingereza, nchi tajiri, ilipitisha sheria mwaka 1993 iliyoutoa ushauri wa kazi kwa vijana katika mikono ya serikali za mitaa ukafunguliwa zabuni. Kampuni zikapewa malengo: mipango mingapi ya kazi imeandikwa na wanafunzi. Zikaandika mipango. Baadaye, kuanzia Septemba 2012, wajibu ukahamishiwa kila shule, shule itafute huduma inakotaka. Mwaka mmoja tu ukapita. Wakaguzi wa Ofsted wakatembelea shule 60, wakakuta 12 tu ndizo zilizohakikisha kwamba kila mwanafunzi amepata maelezo ya kutosha kuzijua kazi mbalimbali. Kumi na mbili kwa sitini, Papa Inspekta, katika nchi yenye barabara na umeme!"

"Lakini walihesabu," Mzee anamkatiza.

"Walihesabu, wakachapisha. Ndiyo tofauti. Waliharibu kama sisi, lakini palikuwa na ofisi isiyokula kwenye mkataba iliyokwenda kutazama. Sisi ofisi hiyo ni ipi?"

Mratibu anaona mwanya. Anataja jambo ambalo kila mtu Bunia analijua kwa upande mmoja: kesi ya Thomas Lubanga. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, ilimtia hatiani Machi 2012 kwa kuwaandikisha watoto jeshini na kuwatumia vitani. Desemba 2017 majaji waliweka fidia ya pamoja ya dola milioni 10 na kuwatambua wahanga 425 wa mwanzo. Tangu 2021 huduma zinatolewa hapa Ituri: matibabu, msaada wa moyo na akili, mafunzo ya kazi, miradi ya kipato. Mfuko wa Wahanga wa mahakama hiyo, unaosimamia fidia, wenyewe hautibu wala haufundishi. Kazi hiyo unaikabidhi kwa mkataba. Hata hivyo, kila baada ya muda Mfuko unarudi mbele ya majaji na ripoti, na mawakili wa wahanga wana haki ya kuijibu.

"Mnaona?" anasema. "Kukabidhi si dhambi. Mkataba ukiwa na hakimu juu yake, kazi inasimamiwa."

"Hakimu yuko La Haye," Mzee anajibu. "Ripoti inaandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, inasafiri kilomita elfu kadhaa, inasomwa na watu wenye akili nyingi ambao hawajawahi kununua suruali kwa Mama Fundi. Sikatai, ni bora kuliko hakuna. Lakini Proved, mkurugenzi wa elimu wa hapa, ana nakala? Mkaguzi mkuu wa jimbo ana orodha ya fani wanazofundishwa watu, ili mwakani mradi mwingine usirudie zilezile?"

Makala hii inasimama na Mzee katika hoja hiyo, kwa sababu moja. Ukaguzi hufuata fedha. Fedha za ushauri wa kazi Ituri kwa sehemu kubwa hutoka nje, kwa hiyo ripoti nazo huishia nje ya jimbo: zinakwenda Kinshasa, Washington, Brussels, Geneva, La Haye. Kila mfadhili anaujua mradi wake. Hakuna anayejua jumla ya miradi yote katika mji huu. Kila programu mpya huanza kuwauliza vijana maswali yaleyale na kuwapa orodha ileile, na programu hazijaisha: Julai 2021 Rais Tshisekedi aliunda PDDRCS, mpango mwingine wa kupokonya silaha na kujenga upya jamii, unaoihusu Ituri moja kwa moja.

Kisheria, vyombo vipo. Metre anavitaja haraka, kama mtu aliyechoka kuvitaja. Katiba ya 2006, ibara ya 204, inaiweka elimu ya msingi, ya sekondari na ya kazi katika mamlaka ya jimbo, kwa kufuata viwango vya serikali kuu. Sheria ya 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida inataka wizara ya sekta husika itoe maoni yake kabla shirika halijapewa hadhi ya kisheria. Sheria ya mikataba ya serikali ni ya 27 Aprili 2010. Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, upo tangu 1987. Ila mkataba unaolipwa na mfadhili mara nyingi hufuata kanuni za mfadhili, na IGF inatafuta fedha zilizopotea. Haiulizi kama kijana amepata kazi.

"Na bunge la jimbo?" Mama Fundi anauliza. "Si ndilo la kuwauliza wakubwa?"

Mei 2021, hali ya dharura ya kijeshi ilipotangazwa Ituri na Kivu ya Kaskazini, gavana akawa jenerali na bunge la jimbo likasimamishwa. Kusudi lilikuwa vita, si vyerehani. Lakini matokeo yake ni kwamba chombo cha pekee cha kuchaguliwa jimboni ambacho kingeweza kumwita mtu na kumuuliza hadharani kuhusu mkataba wa mafunzo kilifungwa mdomo katika miaka ileile ambayo mikataba ya namna hiyo ilihitajika zaidi.

Kisha Mzee anasema jambo ambalo huwa halisemwi mbele ya Mratibu.

"Nikiwa kazini niliitwa mara nyingi kwenda kukagua mafunzo ya miradi. Nilikwenda vipi? Ofisi yangu haikuwa na gari wala mafuta. Shirika lilinitumia gari lake. Lilinilipia chakula na malazi, na bahasha ya siku. Nikafika, nikaonyeshwa kikundi kilichoandaliwa, nikaandika ripoti ndani ya gari lao tukirudi. Niambieni, ripoti hiyo ingesema nini?"

"Mzee, kama nisingekupa gari, usingekuja kabisa," anasema Mratibu, na hasemi kwa ubaya.

"Ndiyo. Wote wawili tulikuwa tumefungwa."

Mkaguzi anayepanda gari la anayekaguliwa: kasoro hii haitibiwi na sheria mpya. Inatibiwa na mstari mmoja wa bajeti. Metre anapendekeza kwamba kila mkataba wa ushauri au mafunzo ya kazi unaofanyika Ituri utenge fungu la ukaguzi, na fungu hilo lipite moja kwa moja kwa mkaguzi wa jimbo, lisiguswe na shirika lenye mkataba. Mkaguzi achague mwenyewe siku, kijiji na majina ya kuwatafuta.

Wanaendelea kubishana juu ya malipo. Metre anataka sehemu ya mwisho ya fedha ishikiliwe mpaka baada ya miezi kumi na miwili, ilipwe kwa kadiri ya walioshauriwa waliopata kazi. Mratibu anapaza sauti kwa mara ya kwanza.

"Mtaniua! Nimemfundisha kijana kuchomelea vyuma, amefungua kibanda chake vizuri. Wiki ya pili wanamgambo wa CODECO wanashambulia, kijiji kinahama chote. Nimeshindwa mimi? Na mkiniwekea sharti hilo, najua nitakachofanya, kila mtu angefanya: nitachagua vijana wa mjini, wenye diploma na mjomba mwenye duka. Yule wa kambini, asiyejua kusoma, sitamgusa. Takwimu zangu zitang'aa, na mtanipigia makofi."

Yuko sahihi kabisa. Kumlipa mshauri kwa ajira peke yake, katika jimbo ambalo vita ndiyo inayoamua nani anabaki na kibanda, ni kumfundisha kuwakimbia walio dhaifu. Mama Fundi ndiye anayepata njia ya katikati, bila kujua kwamba ni njia ya katikati.

"Basi asilipwe kwa kazi. Alipwe kwa kujua. Aniambie: huyu yuko hapa, anashona, huyu alikimbilia Aru, huyu aliuza cherehani kwa sababu mtoto aliugua, huyu amerudi porini. Akijua wote wako wapi, apewe pesa yake. Akisema hajui, asipewe."

Metre anaiandika. Sharti la kufuatilia, bila sharti la kufaulu. Linawezekana hata vitani, kwa kuwa waliohama wana simu na ndugu, na kwa kuwa jibu baya nalo linalipwa ilimradi ni la kweli. Linamlazimisha pia mwenye mkataba kuandika jambo ambalo fomu za zamani hazikuuliza: kwa nini cherehani kiliuzwa.

Mzee anaongeza sharti lake. Majibu hayo yabaki Bunia, katika ofisi moja, yawe wazi kwa shirika lolote linalotaka kuanza mradi mpya, na kila miaka miwili orodha ya fani isahihishwe na watu wa soko wenyewe: mafundi, wenye magari ya Aru na Mahagi, wavuvi wa Tchomia na Kasenyi. Mratibu anakubali, ila anasema wazi kwamba hataki ofisi hiyo igeuke kituo kingine cha kuomba bahasha. Hakuna anayembishia.

Hayo hayahitaji kusubiri amani wala Kinshasa. Mfadhili yeyote anayetia saini mkataba wa ushauri wa kazi Ituri mwaka huu anaweza kuweka mstari wa ukaguzi na sharti la kufuatilia katika mkataba huohuo, na Proved anaweza kudai nakala kabla mradi haujafungua mlango. Na wewe mzazi mwenye mtoto darasa la nane, nenda shuleni kabla ya TENASOSP. Muulize prefe mshauri wa masomo ni nani, yupo ofisini siku gani, na analipwa na nani.